Kuharakisha Kompyuta bila ya Kununua Nyingine

Kompyuta inapochelewa kutoa jawabu, lawama kwa kawaida huangukia mashine yenyewe. Husemwa kwamba imezeeka, kwamba kumbukumbu yake ni ndogo, kwamba wakati umefika wa kununua nyingine. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini aghalabu kosa si la mashine, bali ni la mpangilio wa kazi tuliyoipa. Mashine ina nguvu ambayo imekwisha kulipiwa, nayo nguvu hiyo hukaa bure kwa kuwa programu haikuandikwa kwa namna ya kuitumia.

Katika makala haya tutaeleza jinsi nguvu hiyo inavyopotea, na jinsi inavyoweza kurudishwa kwa msaada wa programu huria. Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuusoma msimbo wake, yaani maandishi yaleyale aliyoyatunga mwandishi wake, kuurekebisha, na kuwagawia wengine. Jambo hili linazihusu shule na vyuo vyetu moja kwa moja. Penye fedha nyingi, uzembe wa programu hufunikwa kwa kununua mashine kubwa zaidi. Pasipo na fedha hizo, maarifa ndiyo mtaji uliobaki.

KAZI MOJA, NYAKATI SABA

Mwezi wa Juni mwaka 2020, gazeti la kisayansi la Science la Marekani lilichapisha makala ya Charles Leiserson wa Massachusetts Institute of Technology (MIT) na wenzake sita. Wataalamu hao walichukua kazi moja nyepesi kueleweka: kuzidisha matriksi mbili, kila moja ikiwa na safu mlalo 4,096 na safu wima 4,096. Mwanafunzi aliyesoma matriksi anajua utaratibu wake. Ili kupata namba moja ya jawabu, huchukuliwa safu mlalo ya matriksi ya kwanza na safu wima ya matriksi ya pili, namba zao zikazidishwa mbili mbili, kisha mazao yakajumlishwa. Kwa matriksi za ukubwa huo, matendo yote ya kuzidisha na kujumlisha hufikia bilioni 137 hivi.

Kazi hiyo ilifanywa kwa njia saba katika mashine ileile, yenye viini 18 vya kukokotoa. Matokeo yalikuwa haya:

1. Programu ya lugha ya Python: sekunde 25,552.
2. Programu ya lugha ya Java: sekunde 2,373.
3. Programu ya lugha ya C: sekunde 543.
4. Lugha ya C, viini vyote vikifanya kazi sambamba: sekunde 70.
5. Kama ya nne, lakini kazi ikigawanywa katika vipande vidogo: sekunde 3.8.
6. Kama ya tano, pamoja na amri zinazoshughulikia namba kadhaa kwa mpigo: sekunde 1.1.
7. Kama ya sita, amri hizo zikichaguliwa na mwandishi mwenyewe: sekunde 0.41.

Sekunde 25,552 ni zaidi ya saa 7. Mtu aliyeianzisha kazi hiyo asubuhi kwa njia ya kwanza angelipata jawabu alasiri. Kwa njia ya mwisho angelipata kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Tofauti ni zaidi ya mara 62,000, na katika mashine yenyewe haikuongezwa hata skrubu moja. Hebu sasa tutazame tofauti hiyo ilitoka wapi.

MFASIRI NA MKALIMANI

Prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayokokotoa, haielewi Python wala C. Huelewa amri fupi fupi zilizoandikwa kwa tarakimu 0 na 1. Kwa hiyo programu yoyote aliyoiandika binadamu hapana budi igeuzwe, na namna ya kuigeuza ndiyo chanzo cha tofauti ya kwanza.

Python hutumia mkalimani. Mkalimani husimama kando ya msemaji, akageuza kila sentensi inapotamkwa. Sentensi ileile ikirudiwa mara bilioni, naye huigeuza mara bilioni. Lugha ya C hutumia mfasiri, ambaye huitwa kompaila. Mfasiri hukaa na kitabu chote kabla ya kazi kuanza, akakifasiri mara moja, na baada ya hapo prosesa husoma tafsiri iliyokwisha kukamilika. Java imesimama katikati ya njia hizo mbili. Ukalimani una faida zake: programu hujaribiwa upesi na makosa huonekana mapema. Lakini kwa kazi yenye marudio mengi gharama yake ni kubwa.

Kompaila mbili mashuhuri duniani ni programu huria. Ya kwanza ni GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 katika mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Ya pili ni LLVM, iliyoanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Kama alivyo mfasiri hodari, kompaila hizi hazifuati neno kwa neno. Huondoa hesabu isiyohitajiwa na kupanga upya amri, mradi maana isibadilike. Lakini ni lazima ziombwe kufanya hivyo. Katika somo la MIT la uhandisi wa utendaji wa programu, mwaka 2018, programu moja ya C ya kuzidisha matriksi ilichukua sekunde 177.5 bila ya ombi hilo, na sekunde 54.6 ilipoombwa kwa alama tatu tu: -O2. Mtu asiyezijua alama hizo huiachia mashine yake theluthi moja tu ya kasi aliyo nayo mwenzake.

FUNDI NA SAIDIA FUNDI

Chanzo cha pili cha ucheleweshaji ni kumbukumbu, nacho ndicho kikubwa na kisichojulikana sana. Wengi hudhani kwamba kukokotoa ndiko kugumu. Katika mashine za leo kukokotoa ni rahisi. Kilicho ghali ni kuileta namba mahali pa kukokotolewa.

Tuchukue mfano wa fundi mwashi anayejenga ukuta. Karibu na mkono wake pana nafasi ya matofali machache. Mengine yote yamo ghalani, mbali na hapo, na saidia fundi ndiye anayeyafuata kwa toroli. Toroli lake hubeba matofali 8, wala halirudi na pungufu ya hayo: akiagizwa tofali moja, huleta na saba yaliyopangwa pamoja nalo. Fundi akiyatumia yote manane, safari ilikuwa na faida. Lakini akitumia moja tu, kisha akaagiza jingine lililo upande wa pili wa ghala, saba yatakuwa yamebebwa bure. Tena, kwa kuwa nafasi ya karibu ni ndogo, yataondolewa kupisha mengine kabla hayajapata kazi.

Fundi ndiye prosesa. Nafasi iliyo karibu na mkono ni kumbukumbu ndogo iliyojengwa ndani ya chipu ya prosesa, tutakayoiita kumbukumbu ya karibu. Ghala ni kumbukumbu kuu. Toroli ni fungu la baiti 64, ambalo katika prosesa nyingi za leo ndilo kipimo cha kila safari. Namba moja ya desimali huhifadhiwa kwa baiti 8, kwa hiyo fungu moja hubeba namba 8. Prosesa ya gigahetsi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na katika pigo moja hata nuru husafiri sentimita 10 tu. Namba iliyomo katika kumbukumbu ya karibu kabisa hupatikana kwa mapigo manne au matano. Namba iliyo katika kumbukumbu kuu huweza kuchukua mapigo 200 au zaidi, na muda huo wote fundi amesimama na mwiko mkononi.

Katika lugha ya C, namba za safu mlalo moja hupangwa zikifuatana. Programu inayosoma kwa kufuata safu mlalo hutumia namba zote nane za kila toroli. Inayosoma kwa kushuka safu wima, kwa matriksi tuliyoitaja, huruka baiti 32,768 kila hatua, na hutumia namba moja tu katika kila nane. Programu ya kuzidisha matriksi ina mizunguko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na mizunguko hiyo inaweza kupangwa kwa njia sita. Njia zote sita hutoa jawabu lilelile kwa idadi ileile ya matendo. Katika somo la MIT tulilolitaja, mpangilio ulio mbaya kuliko yote ulichukua sekunde 3,057, na ulio bora sekunde 178. Kubadilisha mpangilio wa mistari mitatu ya programu kulileta tofauti ya mara 17.

KUGAWANYA KAZI

Msomaji sasa anaweza kuelewa kwa nini kuigawanya kazi vipande vipande kulishusha muda kutoka sekunde 70 hadi 3.8. Matriksi kubwa moja katika zile tulizozitaja inahitaji baiti milioni 134, na haiwezi kuenea katika kumbukumbu ya karibu. Lakini matriksi kubwa inaweza kuhesabiwa kama matriksi ya matriksi ndogo. Tuchukue vipande vya 64 kwa 64. Kila kipande kina namba 4,096. Kuzidisha vipande viwili kunataka matendo 524,288, na namba zinazopaswa kuletwa ni 8,192 tu. Kwa hiyo kwa kila namba iliyoletwa hupatikana matendo 64 kabla ya kuirudisha. Fundi haagizi tofali jipya mpaka aliyo nayo yamekwisha kazi yake.

Mbinu zilizobaki, yaani viini vingi na amri za mpigo, zinatokana na historia ya chipu zenyewe. Mwaka 1965 Gordon Moore alibashiri kwamba idadi ya sehemu katika chipu itazidi kuongezeka kwa kasi. Kwa miaka mingi, kadiri sehemu hizo zilivyopungua ukubwa, ndivyo na mapigo ya prosesa yalivyozidi kuwa ya haraka. Programu iliyoandikwa ovyo ilipata kasi kwa kungojea tu mashine ya mwaka uliofuata. Kufikia mwaka 2004, prosesa ya Pentium 4 ilikuwa imefika gigahetsi 3.8, na joto likawa kizuizi. Tangu wakati huo mapigo ya kompyuta za kawaida hayajafika hata maradufu ya hapo. Nafasi iliyopatikana ndani ya chipu ilitumiwa kuongeza viini, na kuongeza amri zinazozidisha namba nne au nane kwa pigo moja. Nguvu hizo hazijitumi zenyewe. Programu isiyoziomba hufanya kazi kwa kiini kimoja, na vilivyobaki hukaa kitako.

KUPIMA KWANZA

Kutokana na hayo, mtu asikimbilie kuandika upya kila mstari. Mwaka 1971 Donald Knuth alichapisha uchunguzi wa programu za lugha ya FORTRAN, akaonyesha kwamba, kwa kawaida, chini ya asilimia 4 ya programu ndiyo inayotumia zaidi ya nusu ya muda wote. Naye Gene Amdahl, mwaka 1967, alitoa hoja ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuithibitisha kwa kalamu: ikiwa sehemu fulani huchukua asilimia 10 ya muda, basi hata ikifanywa ichukue muda sufuri, programu nzima itapungukiwa na asilimia 10 tu. La kwanza, basi, ni kuitafuta ile sehemu ndogo inayokula muda mwingi.

Hapo pia programu huria zinasaidia. Katika mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, kimo chombo kiitwacho perf, ambacho huhesabu mapigo ya prosesa na kuonyesha ni sehemu gani ya programu iliyoyatumia. Chombo kingine ni Cachegrind, ambacho huiga kumbukumbu ya karibu na kuhesabu ni mara ngapi namba iliyotakiwa haikuwamo. Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Vivyo hivyo mtengenezaji wa programu asitegemee kukisia.

FAIDA YA MSIMBO ULIO WAZI

Huenda msomaji akauliza: je, kila mtu ajifunze mbinu hizi zote kabla ya kuzidisha matriksi? La. Kazi iliyofanywa vizuri mara moja yaweza kutumiwa na wote, ikiwa mlango uko wazi.

Mfano mzuri ni kazi ya Kazushige Goto, Mjapani aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Goto aliandika kwa mkono amri za prosesa za kuzidisha matriksi, akizingatia kila ngazi ya kumbukumbu, na mwaka 2008 yeye na Robert van de Geijn walichapisha maelezo kamili ya mbinu hiyo. Programu yake, GotoBLAS, hatimaye ilitolewa kwa leseni huria. Mwandishi wake alipoondoka chuoni hapo mwaka 2010, kazi ingaliweza kufa, maana prosesa mpya hutokea kila mwaka na programu isiyotunzwa hupitwa upesi. Lakini msimbo ulikuwa wazi. Mwaka 2011 Zhang Xianyi na wenzake nchini China waliuchukua wakauendeleza kwa jina la OpenBLAS, na hadi leo unatunzwa na watu wa nchi mbalimbali.

OpenBLAS ndiyo inayofanya kazi chini ya NumPy kwa watumiaji wengi, nayo NumPy ni mkusanyiko wa zana za hesabu kwa lugha ya Python. Mwanafunzi anayeandika mstari mmoja wa Python kuzidisha matriksi kwa NumPy hapitii kwa mkalimani kila namba; humkabidhi fundi stadi kazi nzima. Anabaki na wepesi wa Python, na kasi anaipata kwa wengine.

Njia nyingine ilifuatwa na ATLAS, programu ya R. Clint Whaley na Jack Dongarra wa Chuo Kikuu cha Tennessee, iliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo, inapowekwa katika mashine, hujaribu ukubwa mbalimbali wa vipande, ikapima muda wa kila mmoja, na kubakiza ule unaoifaa mashine hiyo. Ni kama fundi cherehani anayechukua vipimo vya mteja badala ya kumpa nguo iliyokwisha shonwa. Kwa nchi zinazotumia mashine za namna nyingi na za miaka tofauti, fikira hiyo ina thamani kubwa.

TAHADHARI

Kasi isiyo na usahihi haina maana. Kompyuta hukadiria namba za desimali, kwa hiyo kubadilisha mpangilio wa kujumlisha huweza kubadilisha jawabu. Chukua 10,000,000,000,000,000, yaani 1 yenye sufuri 16. Ukiongeza 1, kisha ukaondoa ile namba kubwa, kompyuta inayotumia baiti 8 kwa kila namba ya desimali itatoa 0. Ukiondoa kwanza namba kubwa, kisha ukaongeza 1, itatoa 1. Ndiyo maana kompaila hazithubutu kupanga upya hesabu za desimali bila ya ruhusa ya mwandishi, na ndiyo maana kila anayeharakisha programu hupaswa kulinganisha jawabu jipya na la zamani.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili kwa kompyuta moja ya kawaida yenye Linux na GCC, ambazo hazilipiwi. Iandikwe programu fupi ya C yenye jedwali la namba za desimali, safu 4,096 kwa 4,096. Jedwali lijazwe namba 1, kisha zijumlishwe zote: kwanza kwa kufuata safu mlalo, halafu kwa kufuata safu wima. Programu itumie saa ya mashine kupima kila njia peke yake, na jumla ichapishwe ili majawabu yalinganishwe. Katika njia zote mbili iwe 16,777,216. Kompaila iombwe kwa alama -O1, kwa kuwa ikipewa uhuru zaidi huenda ikaugeuza mpangilio yenyewe na kuificha tofauti.

Kisha wanafunzi wapunguze jedwali hadi safu 50 kwa 50, na kazi irudiwe mara nyingi ili muda upimike. Wataona tofauti ikipungua sana, kwa kuwa jedwali hilo lina baiti 20,000 tu na laweza kukaa lote katika kumbukumbu ya karibu. Waulizwe tofauti inaanza kukua jedwali likifikia ukubwa gani. Wakichora grafu ya muda wa kila namba dhidi ya ukubwa wa jedwali, vidato vya grafu hiyo vitawaonyesha ukubwa wa kumbukumbu zilizomo ndani ya chipu ambayo hawakuifungua. Mashine mbili za miaka tofauti zitatoa grafu mbili tofauti, na tofauti hizo ni somo jingine.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo ameshika ufunguo uleule walioutumia wataalamu wa Texas na Tennessee. Msimbo wa GCC, wa Linux na wa OpenBLAS uko wazi kwake kama ulivyo wazi kwao, aweze kuusoma, kuupima na kuuongezea lililo lake. Na siku shule itakapojadili kununua kompyuta mpya, ataweza kuuliza swali ambalo mara nyingi halijaulizwa: zile tulizo nazo, je, zimekwisha kutumiwa zote?